Gustav Wolff, Mjerumani wa Belfast

Gustav Wilhelm Wolff, mmoja wa wabia wawili walioanzisha kampuni iliyounda Titanic, alizaliwa Hamburg tarehe 14 Novemba 1834. Baba yake, Moritz Wolff, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake, Fanny, alitoka katika ukoo wa Schwabe, watu wa biashara ya ng'ambo wenye asili ya Kiyahudi waliobatizwa na kuingia Kanisa la Kilutheri mwaka 1819. Ukoo huo wa upande wa mama ndio uliomfungulia njia, kuanzia shule aliyosoma hadi meli ya kwanza aliyoiunda, na bila kuuelewa ni vigumu kueleza jinsi kijana wa Hamburg alivyofika kuwa mwenye kiwanda nchini Ireland.

Hamburg ya wakati huo ilikuwa mji unaojitawala, kwa kuwa dola ya Ujerumani ilikuja kuundwa mwaka 1871. Ilikuwa bandari kubwa kwenye mto Elbe, na wafanyabiashara wake walikuwa na mawakala London, Liverpool, Amerika ya Kusini na Asia. Mei 1842, Gustav akiwa na miaka 7, moto uliwaka kwa siku kadhaa na kuteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Katika ujenzi uliofuata, mhandisi Mwingereza William Lindley ndiye aliyebuni mabomba ya maji safi na mitaro ya majitaka. Hivyo utaalamu wa Waingereza ulikuwa ukionekana barabarani Hamburg kabla kijana huyo hajavuka bahari. Kwa familia kama ya Wolff, kumpeleka mtoto wa kiume kwa ndugu aliye ng'ambo akajifunze kazi lilikuwa jambo la kawaida.

Ndugu huyo alikuwa kaka yake Fanny, Gustav Christian Schwabe, aliyezaliwa mwaka 1813 na kuhamia Liverpool akiwa bado kijana. Huko alikuwa mbia katika biashara ya Singapore pamoja na Edward Boustead, akaweka fedha katika kampuni za meli, na akamwoa Helen Dugdale, wa familia ya wafanyabiashara wa Manchester. Ndoa hiyo haikujaliwa watoto. Mwaka 1849 mpwa wake alipowasili Liverpool akiwa na miaka 14, alipokelewa nyumbani kwa mjomba mwenye mali, mwenye marafiki wengi bandarini, na asiye na mtoto wa kumrithisha kazi.

Schwabe hakumweka mpwa wake dukani. Alimpeleka kusoma Liverpool College, kisha akamtafutia nafasi ya uanagenzi Manchester kwa Joseph Whitworth, mtengenezaji mashuhuri wa mashine. Whitworth ndiye aliyependekeza mwaka 1841 kwamba skrubu na nati zote ziwe na hesi za kipimo kimoja, badala ya kila karakana kukata yake. Katika karakana zake fundi alizoezwa kupima chuma kwa usahihi ambao mafundi wengi wa zama zile waliuona ni wa kupita kiasi. Wolff alimaliza uanagenzi wake na kuaminiwa kiasi cha kuiwakilisha kampuni katika Maonyesho ya Paris mwaka 1855. Baadaye alifanya kazi ya kuchora ramani za mashine katika kiwanda cha Goodfellow mjini Hyde, karibu na Manchester. Hadi hapo alikuwa mtu wa injini. Meli hakuwahi kuunda.

Meli zilikuja kupitia ndugu wa mke wa mjomba. Familia ya akina Dugdale ilikuwa na uhusiano wa ndoa na jamaa za Edward Harland, mhandisi kijana aliyezaliwa Scarborough mwaka 1831, mtoto wa daktari. Harland alijifunza kazi katika karakana za Robert Stephenson mjini Newcastle, akafanya kazi Glasgow, na mwaka 1854 akaajiriwa meneja wa kiwanda cha meli cha Robert Hickson huko Belfast. Alikuwa na miaka 23. Alikuta kazi imelegea na fedha zimekwisha. Alipunguza mishahara, akapiga marufuku kuvuta tumbaku kazini na kudai kazi safi zaidi. Wafanyakazi wakagoma, naye akaleta wengine kutoka Uskoti. Mwaka 1857 alihitaji msaidizi anayejua injini na michoro. Schwabe alikuwa na mpwa wa namna hiyo hasa.

Mahali penyewe hapakuwa na dalili ya kuwa mji mkuu wa meli. Belfast haikuwa na madini ya chuma wala makaa ya mawe. Vyote vililetwa kwa meli kutoka Uskoti, Uingereza na Wales. Kiwanda cha Hickson kilikaa juu ya kisiwa kilichotengenezwa na watu. Miaka ya 1840 mamlaka ya bandari ilichimba mfereji ulionyooka ili meli kubwa zifike mjini, na tope lililochimbuliwa likarundikwa pembeni hadi likawa ardhi. Kisiwa hicho kilipewa jina la Queen's Island baada ya Malkia Victoria kuutembelea mji mwaka 1849. Ardhi ya tambarare kando ya maji yenye kina, na mamlaka ya bandari iliyokuwa tayari kuendelea kuipanua, ndiyo faida pekee ya mahali ambayo kiwanda kilikuwa nayo.

Mwaka 1858 Hickson alikubali kumuuzia Harland kiwanda chote kwa pauni 5,000. Fedha zilitoka kwa Schwabe. Wolff, baada ya muda wa kufanya kazi baharini kama mhandisi wa meli ili ajue injini inavyofanya kazi melini, aliingizwa kwenye ubia mwaka 1861. Mtaji wake ulikuwa pauni 500, mdogo sana kuliko wa mwenzake, lakini jina lake liliandikwa karibu na la Harland kwa sababu kila mtu alijua nani yuko nyuma yake.

Mchango wa mjomba haukuishia kwenye fedha. Schwabe alikuwa na hisa katika kampuni ya meli ya Bibby ya Liverpool, iliyosafirisha shehena kwenda Mediterania, na Bibby ndiyo iliyotoa oda ya meli tatu za kwanza: Venetian, Sicilian na Syrian. Venetian, yenye namba 1 katika daftari la kiwanda, ilishushwa majini mwaka 1859. Kiwanda kipya kwa kawaida hufa kwa kukosa oda ya pili na ya tatu. Hiki kilizaliwa oda zikiwa mkononi.

Hata hivyo fedha za ukoo hazitoshi kueleza kilichofuata. Meli za Bibby zilikuwa na umbo lililowashangaza mabaharia. Venetian ilikuwa na urefu wa futi 270 na upana wa futi 34 tu, na meli zilizoifuata zilizidi kurefushwa bila kuongezwa upana. Chini zilikuwa bapa na pembe zake zilikaribia kuwa za mraba, hivyo zilibeba shehena nyingi zaidi kwa injini ileile na makaa yaleyale. Wapinzani waliziita majeneza ya Bibby, wakitabiri kuwa zitakatika katikati.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Meli ikipita juu ya wimbi kubwa, kuna wakati wimbi huinua sehemu ya katikati huku omo na shetri vikining'inia. Dakika inayofuata mawimbi mawili hushika miisho na katikati hubaki bila kitu cha kuibeba. Kila mara mwili wa meli hupinda, juu ukivutwa wakati chini ukibanwa, kisha kinyume chake. Kadiri meli inavyorefuka ndivyo mvuto huo unavyoongezeka, na mahali panapoumia kwanza ni sitaha ya juu. Meli za chuma za wakati huo bado zilikuwa na sitaha za mbao, na mbao zilizolazwa juu ya boriti haziwezi kuhimili mvuto wa namna hiyo. Harland aliweka sitaha ya juu ya chuma. Sasa sakafu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sitaha vilikuwa vimefungwa pamoja kama sanduku moja refu, na sanduku lina nguvu kuliko bakuli lililofunikwa mbao. Umbo lilikuwa la Harland, na ni haki kumpa sifa yake. Kazi ya Wolff ilikuwa ofisi ya michoro, hesabu za injini, na baadaye mahusiano na wateja. Mazoea ya Manchester ya kupima na kupima tena yalihitajika katika kiwanda ambacho kila bamba lilipaswa kukutana na jingine bila mwanya.

Mabamba hayo yalishikanishwa kwa ribiti, na hiyo ndiyo kazi iliyosikika Belfast nzima. Kundi la ribiti lilikuwa la watu wachache. Mvulana alikaa na tanuri dogo akipuliza moto hadi ribiti ikawa nyekundu inayokaribia weupe, akaichomoa kwa koleo na kumrushia mwenzake, aliyeidaka na kuitumbukiza kwenye tundu. Mtu wa ndani aliikaza kwa nyundo nzito isirudi nyuma. Nje walisimama wagongaji wawili, mmoja wa mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, wakapiga kwa zamu kabla haijapoa hadi ncha yake ikatanuka kuwa kichwa cha pili. Ribiti ilipopoa ilinywea na kuyabana mabamba zaidi. Kundi lililipwa kwa idadi ya ribiti zilizopita ukaguzi, si kwa saa. Titanic peke yake ilibeba zaidi ya milioni 3. Wengi waliofanya kazi hiyo miaka mingi walizeeka wakiwa viziwi, na hilo linastahili kukumbukwa kila uzuri wa meli hizo unapotajwa.

Oda iliyobadilisha ukubwa wa kiwanda ilikuja mwaka 1869, nayo ilipitia sebuleni kwa mjomba. Mfanyabiashara wa Liverpool, Thomas Henry Ismay, alikuwa amenunua jina la kampuni iliyofilisika, White Star. Inasimuliwa kwamba jioni moja baada ya chakula, wakicheza biliadi nyumbani kwa Schwabe, mwenyeji alimwahidi Ismay kumtafutia fedha za kuanzisha safari za Atlantiki kwa sharti moja: meli zote ziundwe kwa mpwa wake Belfast. Ismay alikubali. Mpango wa malipo nao haukuwa wa kawaida. White Star ililipa gharama halisi za vifaa na mishahara, kisha ikaongeza asilimia kadhaa kuwa faida ya kiwanda. Kwa hiyo kiwanda hakikuwa na sababu ya kubana vifaa, na mteja alipata alichokitaka. Utaratibu huo ulidumu hadi zama za Titanic.

Matunda ya kwanza yalikuwa Oceanic, iliyoshushwa majini tarehe 27 Agosti 1870. Ilikuwa na urefu wa futi 420, zaidi ya mara 10 ya upana wake. Vyumba vya abiria wa daraja la kwanza, ambavyo desturi ilikuwa kuviweka nyuma karibu na mtetemo wa rafadha, vilihamishiwa katikati ambako meli huyumba kidogo. Madirisha yalikuwa makubwa kuliko yaliyozoeleka, na vyumbani mlikuwa na kengele za umeme za kumwita mtumishi. Injini zilinunuliwa kwa Maudslay wa London, kwa sababu Harland na Wolff hawakuwa na karakana yao ya injini hadi miaka ya 1880.

Mwaka 1874 ubia ulipanuliwa. Aliyejitokeza zaidi kati ya wabia wapya alikuwa William James Pirrie, aliyeingia kiwandani mwaka 1862 akiwa mwanagenzi wa miaka 15. Pirrie alikuwa na kipaji cha kutafuta oda kuliko mtu yeyote aliyepita hapo, na mamlaka yalianza kumwelekea. Wolff hakuonyesha kinyongo. Alikuwa mtu mchangamfu, asiyependa kujikweza, na mzaha wake mmoja ulirudiwa Belfast kwa miaka mingi: kwamba Harland huunda meli, Pirrie hutoa hotuba, na yeye huvuta sigara. Mzaha huo umewafanya baadhi ya watu wamwone kuwa mbia wa jina tu. Rekodi ya shughuli zake inakataa hukumu hiyo.

Ushahidi mkubwa ni kiwanda cha kamba. Meli ya mvuke bado ilihitaji kamba nyingi za kufungia, kuvutia, kupakulia na kushikilia milingoti. Mwaka 1873 Wolff alikuwa mstari wa mbele kuanzisha kazi ya kusokota kamba mashariki mwa Belfast, na miaka mitatu baadaye ikawa Belfast Ropework Company. Meneja wake alikuwa William Holmes Smiles, mtoto wa mwandishi Samuel Smiles aliyetunga kitabu maarufu cha kuhimiza watu kujitegemea. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kilihesabiwa kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani cha aina yake. Sehemu kubwa ya wafanyakazi walikuwa wanawake na wasichana. Kwa kaya nyingi za mtaa huo, baba alikuwa kwenye meli na binti kwenye kamba, na mishahara yote miwili ilitoka katika shughuli zenye mkono wa Wolff.

Mwaka 1892 Wolff alichaguliwa mbunge wa Belfast Mashariki, jimbo la wafanyakazi wake mwenyewe, akaendelea kulishika hadi 1910. Bungeni London alipewa jina la utani Teutonic, kwa sababu ya asili yake ya Kijerumani na kwa kuwa kiwanda chake kilikuwa kimeunda meli ya jina hilo mwaka 1889. Alisimama na Wahafidhina waliopinga Ireland kupewa utawala wa ndani. Waprotestanti wengi wa Belfast waliamini kwamba serikali ya Dublin ingewatenga wao na viwanda vyao na soko la Uingereza. Wakatoliki wengi waliona utawala huo ni haki yao iliyocheleweshwa. Mgogoro huo uliingia hadi ndani ya kiwanda. Wafanyakazi wa meli walikuwa Waprotestanti kwa wingi mkubwa, na kila siasa zilipochemka Wakatoliki wachache waliokuwapo walipigwa na kufukuzwa. Mwaka 1864 Harland alitishia kufunga kiwanda kizima kama waliofukuzwa hawataruhusiwa kurudi. Msimamo huo haukujenga desturi ya kudumu. Machafuko yalirudi 1886, na Julai 1912 maelfu walitimuliwa. Wolff, mtoto wa ukoo uliobadili dini na mwenyewe mhamiaji, alipokelewa Belfast bila kuulizwa asili yake. Majirani waliozaliwa hapohapo hawakupata pokeo hilo. Hiyo ni sehemu nzito ya historia ya kiwanda, na wenye kiwanda, akiwemo yeye, walikuwa wawakilishi wa upande mmoja wa mgogoro.

Uhusiano na Hamburg haukukatika. Mwaka 1886 Schwabe alitoa kwa jumba la sanaa la mji huo picha zaidi ya 100 alizokusanya Uingereza; alifariki London mwaka 1897. Kiwanda cha Belfast nacho kilianza kuunda meli za kampuni ya Hamburg-Amerika, mshindani wa White Star katika Atlantiki. Pennsylvania ilitoka mwaka 1896. Mwaka 1905 ikatoka Amerika, yenye tani zaidi ya 22,000, mkahawa wa kuagiza chakula kwa hiari na lifti ya abiria. Mtoto wa Hamburg sasa aliuuzia mji wake meli ambazo viwanda vya Ujerumani vilikuwa navyo vikipigania kuziunda.

Harland alifariki Desemba 1895 na Pirrie akawa mwenyekiti. Wolff alistaafu kiwandani mwaka 1906. Meli tatu kubwa za White Star zilizopangwa baada ya hapo hazikuwa kazi yake. Olympic ilikuwa namba 400 katika daftari, Titanic namba 401. Mbunifu aliyesimamia Titanic hadi safari yake, Thomas Andrews, alikuwa mtoto wa dada yake Pirrie, aliyeingizwa kiwandani na mjomba wake akiwa na miaka 16, njia ileile iliyomfikisha Wolff Belfast. Aprili 14, 1912, miongoni mwa meli zilizotoa taarifa ya barafu njiani ilikuwa Amerika ya Hamburg. Mitambo ya redio ya Titanic ndiyo iliyoipeleka mbele taarifa hiyo kuelekea nchi kavu. Usiku huo Titanic iligonga barafu, na alfajiri ya Aprili 15 ikazama na watu zaidi ya 1,500, Andrews akiwa mmoja wao.

Mwaka mmoja kabla ya msiba huo, Belfast ilikuwa imempa Wolff heshima ya uraia wa mji. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Alifariki London tarehe 17 Aprili 1913, akazikwa katika makaburi ya Brompton. Miezi 16 baadaye Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani, na majina ya Kijerumani yakaanza kufutwa kwenye milango ya maduka na hata katika nyumba ya kifalme. Jina la kampuni lilibaki Harland na Wolff.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda kiliunda meli ambazo wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki walizijua vizuri. Kenya Castle na Rhodesia Castle za mwaka 1951, na Braemar Castle ya mwaka uliofuata, zote za kampuni ya Union-Castle, zilitoka Queen's Island na kufanya safari za kuizunguka Afrika, zikitia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hadi usafiri wa ndege ulipowachukua abiria wake. Winchi mbili za rangi ya manjano zinazotawala anga ya Belfast, Goliath ya 1969 na Samson ya 1974, zilibuniwa na kampuni ya Kijerumani ya Krupp. Meli kubwa ya mwisho ya zama hizo, Anvil Point, ilishushwa majini mwaka 2003. Kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwaka 2019, ikanunuliwa, ikaanguka tena mwaka 2024, na Januari 2025 ikachukuliwa na Navantia, kampuni ya meli ya serikali ya Hispania, kwa ajili ya kazi ya kuunda meli za mahitaji ya jeshi la majini la Uingereza.